Sauti Tatu za Kaka Deo

Jumatatu mchana, Julai.

Upepo haujatulia tangu alfajiri. Bati la jirani limelegea, linagonga kama mtu anayebisha hodi na hataki kuondoka. Jua lipo, lakini ni jua la Sumbawanga la mwezi huu, linaangaza tu, halipashi. Nimevaa sweta mbili. Duka sikulifungua.

Naandikia hapa nyumbani, Malangali. Jioni nitampelekea Masanja maandishi haya kwenye flashi, ayapandishe kwenye intaneti. Wanaoufuata ukurasa huu sidhani kama mnafika kumi, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka.

Nimezifuta sauti za kaka yangu.

Kaka Deo alifariki mwaka jana, mwezi wa nane. Figo. Yeye ndiye aliyenifundisha kompyuta, na ni sisi wawili tuliofungua lile duka la kuchapa na kutoa kopi pale Milanzi, miaka ile kompyuta za mtumba zilipoanza kumiminika kutoka Dar. Kabla ya hapo, mtu akitaka barua ichapwe vizuri alibembeleza makarani wa ofisini wenye taipureta. Deo alikuwa anafungua kasha la kompyuta kwa bisibisi ya cherehani na kulifunga kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa nashika tochi. Baadaye yeye ndiye akawa anashika tochi.

Lakini kompyuta ilikuwa kazi tu. Moyo wake ulikuwa kwenye kwaya. Kijijini kwetu Mwazye alikuwa mwalimu wa kwaya tangu hajaota ndevu. Waimbaji wake ni wakulima, nota hawazijui, wanashika wimbo kwa sikio. Basi Deo alikuwa akitunga wimbo anajifungia chumbani na kipaza sauti, anaimba sauti zote nne yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Sauti ya kwanza, ile ya kina mama, alikuwa anaibana kooni mpaka mishipa inamsimama. Ya pili, ya tatu, halafu ya nne, besi, ambayo ndiyo yake hasa. Akimaliza anazihamishia kwenye kaseti, moja moja, na Jumamosi anapanda gari kwenda Mwazye kuwafundisha.

Wimbo wa mwisho aliurekodi wiki chache kabla ya kulazwa. Haukufika kwenye kaseti.

Aliniambia pale wodini, nikiwa nampaka mafuta miguuni. "Ule wimbo uko tayari, Oresta. Utawapa."

Nikamjibu, "Utawapa mwenyewe."

Hakubishana. Alikuwa hana nguvu za kubishana. Nimelikumbuka jibu lile mara nyingi sana mwaka huu. Sikukubali hata kupokea agizo.

Baada ya mazishi sikuweza kuigusa kompyuta yake. Ilikaa chumbani kwake imefunikwa khanga, waya ukiwa bado ukutani. Machi ikaja na mvua zake, radi ikapiga nguzo ya umeme mtaani kwetu, na asubuhi chumba kikawa kinanuka plastiki iliyoungua. Nilipoifungua nikakuta madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imebabuka. Diski tu ndiyo ilipona. Niliipachika kwenye kompyuta ya dukani, nikaona inasoma, nikaizungushia gazeti na kuiweka kabatini. Nikajiambia ipo siku nitakuwa na moyo.

Siku hiyo ililetwa na Mwalimu Fidelis. Alikuwa msaidizi wa Deo, sasa ndiye anayeongoza kwaya. Alikuja dukani mwezi uliopita na debe la ulezi kutoka kwa Mama, akakaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini.

"Dada Oresta," akasema, "mwezi wa nane tunamfanyia mwalimu misa ya mwaka. Kwaya inaomba kumwimbia wimbo wake mwenyewe. Ule ambao hatukuupata."

Nikamwahidi. Nilifurahi hata, nisiseme uongo. Niliona nimepewa nafasi ya kulipokea lile agizo.

Programu ambayo Deo alikuwa anarekodia ilikuwa ndani ya kompyuta yake tu, CD yake hatukuiona tena. Kwa hiyo kuchukua mafaili peke yake nikaona hakutoshi, ilibidi nihamishe mfumo mzima kama ulivyo, na programu zake, kwenda kwenye kompyuta nyingine. Na kompyuta nyingine iliyokuwa haina kazi ni ile nzee ya stoo, ya kwanza kabisa tuliyoanza nayo. Diski yake ni ndogo, haifiki hata robo ya ile ya Deo.

Diski ya Deo ilikuwa imegawanywa sehemu mbili. Ya kwanza yenye mfumo na programu, ya pili ya vitu vyake. Zote mbili zisingeenea. Nikanakili ya kwanza. Halafu, nikiwa bado kwenye kompyuta ya dukani, nikafungua folda yake ya nyaraka, ambayo iko kwenye sehemu hiyohiyo ya kwanza, nikakuta folda imeandikwa KWAYA. Ndani yake, majina ya nyimbo zake zote, na wa mwisho kabisa ukiwa na tarehe ya wiki zile.

Nikapumua. Nikasema zipo.

Sikufungua hata mmoja. Nisingeweza kuufungua, kompyuta yenyewe ilikuwa haijakubali kuwaka.

Maana ilipowashwa mara ya kwanza ilionyesha kioo cha bluu chenye maandishi meupe, ikajizima, ikawaka, ikaonyesha bluu tena. Ikawa inazunguka hivyo hivyo. Yeyote aliyewahi kuhamishia mfumo kwenye mashine isiyo yake anaijua ile bluu. Mfumo umeamka kwenye nyumba ngeni, unatafuta madabodi uliyoizoea, hauioni, unaanguka. Ilinichukua siku mbili na CD ya kupigia windows, nikiukarabati mfumo bila kufuta kilichomo, mpaka ukakubali kusimama.

Katika siku hizo mbili, diski ya kompyuta kubwa ya dukani ikafa. Ilikuwa msimu wa mitihani, walimu wamepanga foleni na makaratasi mkononi, mtihani wa Jumatatu haujachapwa hata ukurasa. Nikaangalia kabatini. Ile diski ya Deo ilikuwa pale, kubwa, nzima, na kwa akili yangu ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Nikaiformati, yaani nikaifuta yote ibaki tupu. Nikapiga windows. Kufikia mchana foleni ilikuwa inasogea, na mwalimu mmoja akanisifu, akasema dada wewe ni fundi kweli.

Hapo ndipo nilipokosea. Mengine yote yaliyofuata yalikuwa kutembea gizani nikidhani naelekea nyumbani.

Nikarudi kwenye ile kompyuta nzee. Ilikuwa inawaka sasa, lakini rangi zimekwisha na picha zake kubwa kama vigae. Kwenye orodha ya vifaa kulikuwa na alama za njano kila mahali, maana yake kifaa kipo lakini hakina draiva, yaani ile programu ndogo inayouelekeza mfumo namna ya kukitumia. Kioo nikakipatia. Sauti ikakataa. Spika zimeunganishwa, zimewashwa, kimya.

Nikafungua kasha, nikasoma namba iliyochapwa kwenye kadi ya sauti, nikaiandika kiganjani na kwenda kwa Masanja.

Masanja alikuwa mshikaji wa Deo. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, yeye akaja mjini akafungua duka la intaneti. Anasema ng'ombe walimshinda. Mimi naona alikuwa mvivu wa kuamka. Tulitafuta draiva ile siku tatu. Mtandao ulikuwa unakatika ikibaki kidogo imalizike kushuka, tunaanza upya. Tuliyoipata ya kwanza ilirudisha kioo cha bluu, ikabidi niwashe kompyuta kwa njia ya dharura niing'oe. Ya pili ikasema kifaa hakipo. Ya tatu iliwekwa na mzee mmoja wa nchi za mbali kwenye ukurasa wake, mtu anayehifadhi draiva za mashine ambazo dunia imezisahau. Nilimwombea heri.

Alhamisi iliyopita, mchana, Masanja akiwa amesimama nyuma yangu dukani, nikaiweka ile draiva. Alama ya njano ikatoweka. Spika zikatoa ule mlio wa kukaribisha. Masanja akapiga makofi, wateja wakageuka.

Nikafungua programu ya Deo. Nikafungua wimbo wake wa mwisho. Ikatokea mistari minne, kila mmoja na jina lake: Kwanza, Pili, Tatu, Nne. Juu yake kikafunguka kisanduku kidogo kilichosema faili la sauti halipatikani, na kuniuliza kama nataka kulitafuta mwenyewe. Kilitaja lilipokuwa. Sehemu ya pili ya diski.

Nikafungua wimbo mwingine. Kisanduku kilekile.

Kumbe kwenye ile folda kulikuwa na mipangilio tu, mafaili madogo yanayosema sauti hii iko pale, ianze hapa, ikome hapa. Sauti zenyewe Deo alizihifadhi upande wa pili, kwa sababu ni kubwa. Fundi yeyote angejua. Mimi ningejua, kama ningeangalia ukubwa wa mafaili badala ya majina yake.

Nyimbo za zamani bado ziko kwenye kaseti, Mwazye. Ule mmoja haupo popote.

Masanja alisoma kile kisanduku kutoka nyuma yangu. "Si diski yenyewe ipo?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole kompyuta kubwa. Mama mmoja alikuwa anachapiwa barua ya maombi ya kiwanja. Masanja aliitazama, akanitazama, akatoka nje bila kuaga. Alirudi baada ya muda macho mekundu, na CD ya programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa.

Tuliwaomba wateja radhi, tukafunga mlango. Programu ile ilichimba mpaka jioni. Mahali penye sauti nilikuwa nimeshapaandika juu, mitihani, barua, mialiko ya harusi. Katika nyimbo zile za zamani yalitoka makombo. Katika ule wa mwisho, sauti ya kwanza na ya pili zilitoka kama mvua inayopiga bati, kelele tupu. Ya tatu ina sekunde chache mwanzoni, kisha inameguka. Ya nne iko nzima.

Besi.

Ijumaa niliihamishia kwenye kaseti, waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye redio kaseti, kama alivyokuwa akifanya yeye. Jumamosi nikakaa na ile kaseti mezani. Nakiri hapa: nilitunga uongo. Radi. Nilikuwa na radi, Mungu wangu, uongo uliotengenezwa tayari, kila mtu wa Mwazye angeuamini. Radi iliunguza, nikaokoa nilichoweza, wangenishukuru. Niliurudia kichwani mpaka ukawa unasikika kama kweli.

Jana nilipanda gari la asubuhi. Nilifika misa ikiwa imekwisha, wanakwaya wamekaa nyumbani kwetu uani, kwenye jua, wakinisubiri. Walikuwa kama ishirini. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefunga kilemba cheupe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeuleta?"

Nikaweka redio juu ya kinu kilichogeuzwa, nikabonyeza. Kwanza kunasikika kiti kikiburutwa. Halafu Deo anakohoa, anasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili: "Haya, besi. Msikimbie. Tunakwenda wote." Halafu anaimba.

Besi peke yake si wimbo, wanaojua kwaya mnajua. Inashika noti moja muda mrefu, inashuka, inangoja, inarudia neno la mwisho la watu ambao hawasikiki. Palikuwa na mahali pengi pa kimya ambapo tulijua kabisa kina mama wanaimba kitu, na hatukukisikia. Ilipokwisha, Mwalimu Fidelis akapangusa uso kwa kofia.

"Na sauti ya kwanza?" akauliza. "Iko upande wa pili wa kaseti?"

Nikafungua mdomo niseme radi.

"Nilizifuta," nikasema. "Nilikuwa na haraka ya kazi za watu. Sikuangalia vizuri. Nilizifuta mimi kwa mikono yangu."

Niliwaeleza yote. Kuhusu diski sijui walielewa kiasi gani, lakini neno kufuta walilielewa. Mmoja wa kina mama wa sauti ya kwanza aliinuka, akaingia jikoni, akakaa huko. Fidelis aliitazama ardhi. Alisema polepole, "Mwalimu alitutungia sisi," na hakumaliza. Sikuona hasira usoni kwake. Afadhali angekuwa na hasira.

Niliogopa kumtazama Mama. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Mimi niliisikia."

Wote tukageuka.

"Ile sauti ya kwanza. Alipokuja Krismasi ile ya mwisho. Nilikuwa napepeta ulezi hapa uani, yeye yuko ndani, wimbo bado anautunga, anaiimba, anaibana hivi." Akashika koo lake. "Nilikuwa na wageni. Nikamwambia, Deo, acha kulia kama mbuzi, unatutia aibu. Wageni wakacheka. Na yeye akacheka. Akanyamaza."

"Unaikumbuka, mama?" Fidelis akauliza, amejiinua kidogo kwenye kiti. "Hata mwanzo wake?"

Mama alifumba macho. Tulingoja. Kuku walipita katikati yetu. Midomo yake ilisogea, nikaona anatafuta, kwa bidii kabisa, kama mtu anayepapasa sakafu ya chumba chenye giza. Alitoa sauti moja, ndogo, ya juu. Akaitoa tena. Halafu akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nasikiliza wageni," akasema. "Sikuwa namsikiliza yeye."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikaomba msamaha. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, mkono mzito wa jembe, akauacha hapo. Alisema, "Umekonda. Unakula?"

Kwaya imeamua siku ya misa waimbe wimbo wake mwingine, wa zamani, wanaoujua. Fidelis aliniambia kwamba mtu fulani wa parokia anaweza kutunga sauti tatu mpya juu ya ile besi. Kisha, kabla sijajibu, akasema mwenyewe kwamba hapana, afadhali isifanyike. Wanaume wanne wa besi walibaki baada ya wengine kuondoka, wakaomba kusikiliza tena. Waliishika mara ya tatu. Waliiimba wamesimama kando ya ukuta, kwa sauti ya chini, wakiwangojea wenzao kila mahali Deo alipongoja. Nilishindwa kukaa. Nilienda nyuma ya nyumba kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Nilipotaka kuondoka Mama aliniomba nimwachie redio na kaseti. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikiwa naiweka mizigo yangu sawa nikamsikia ndani anairudisha nyuma. Kiti kinaburutwa. Deo anakohoa. "Haya, besi. Msikimbie. Tunakwenda wote." Kabla hajaanza kuimba Mama anabonyeza, anairudisha tena. Wimbo hausikilizi. Alifanya hivyo mpaka gari likapiga honi barabarani.

Sijui nilitarajia nini nilipoamua kusema kweli. Labda nilidhani itanipunguzia uzito. Haijapunguza kitu, ila leo nimeweza kulala kidogo mchana, jambo ambalo tangu Alhamisi lilikuwa limenishinda. Nimejiuliza pia kama Deo angekasirika. Nadhani angeuliza kwanza, "Uliangalia ukubwa wa faili?" Angeuliza hivyo kwa upole, na upole wake ndio ungeniua.

Ile diski nimeitoa kwenye kompyuta ya dukani. Haina cha kuokoa tena, Masanja amejaribu mara mbili, lakini sitaki mtu mwingine achape kitu juu yake.

Mama ametuma ujumbe mchana huu kwa simu ya katekista. Neno moja tu la salamu, halafu anasema redio imeanza kuvuta sauti, Deo anaongea kama mlevi.

Kuna gari la Mwazye kesho saa mbili. Duka litafunguliwa saa tatu. Kabla ya hapo nitakuwa stendi, na betri kubwa nne za redio kwenye mfuko wa karatasi, nikimtafuta mtu wa kumpelekea Mama.